Tarakilishi ikigoma kuimba: Mwongozo wa kutatua matatizo ya programu za muziki

BIBI harusi amefika mlangoni, wageni wamesimama na vigelegele vimeanza. Mchezeshaji muziki anabofya wimbo aliouandaa tangu juzi, lakini spika zinabaki kimya. Anabofya tena. Kwenye kioo cha tarakilishi panatokea ujumbe kwamba faili haionekani.

Wimbo wenyewe haujapotea. Jana usiku ulilia vizuri nyumbani kutoka kwenye flashi iyo hiyo. Kilichobadilika ni herufi moja tu ambayo tarakilishi ya ukumbini imeipa flashi hiyo, na kwa sababu hiyo programu haijui tena pa kuutafuta.

Mikasa ya aina hii huwakumba wachezeshaji muziki, wanakwaya na familia ambazo zimehamishia kwenye tarakilishi nyimbo zilizokuwa katika kanda na CD. Aghalabu lawama huangukia mashine. Wapo wanaofuta programu, na wengine hata kusafisha diski nzima, ilhali tatizo lingetatuliwa kwa dakika chache bila kugharimu chochote.

Ni kweli kwamba huduma za kusikiliza muziki moja kwa moja kwenye mtandao zimeenea, na Spotify ilianza kupatikana nchini Kenya Februari 2021. Hata hivyo, nyimbo zilizohifadhiwa kwenye diski bado zina nafasi yake. Hulia bila kununua data wala kutegemea mtandao. Isitoshe, rekodi ya kwaya ya kijijini au sauti ya nyanya aliyeaga dunia haipatikani kwenye huduma yoyote ya mtandaoni. Ikipotea, imepotea.

Programu zenyewe

Winamp, iliyotolewa mwaka wa 1997 na kampuni ya Nullsoft ya Marekani, ndiyo iliyowazoesha watu wengi kusikiliza nyimbo za MP3 kwenye tarakilishi. Kampuni ya AOL iliinunua Nullsoft mwaka wa 1999, na mapema mwaka wa 2014 Winamp ikauziwa kampuni ya Radionomy.

Programu nyingine inayotumiwa sana ni VLC, ambayo alama yake ni pia ya rangi ya machungwa kama zile zinazowekwa barabarani. Mradi ulioizaa ulianza mwaka wa 1996, ukiwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, Ufaransa. Mnamo Februari 1, 2001, programu hiyo ilianza kutolewa kwa leseni huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na hata kuirekebisha bila malipo.

Maelezo yanayofuata yanatumia VLC kwenye Windows kama mfano. Hata hivyo, kanuni nyingi zinafaa programu yoyote ya muziki.

Kutafuta chanzo kabla ya tiba

Daktari hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa. Vivyo hivyo, mtumiaji anafaa kufanya majaribio matatu kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Kwanza, afungue wimbo mwingine katika programu iyo hiyo. Ukilia, basi programu ni nzima na kasoro imo katika faili ya ule wimbo wa kwanza.

Pili, afungue wimbo uliogoma kwa kutumia programu nyingine. Ukilia huko, faili ni nzima na programu ya kwanza ndiyo yenye kasoro.

Tatu, achezeshe sauti isiyohusiana na muziki huo, mathalan video kwenye mtandao. Ikiwa nayo haisikiki, programu ya muziki haina hatia. Tatizo limo katika spika, nyaya au mfumo wa sauti wa tarakilishi yenyewe.

Kanuni nyingine ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kujaribu tena. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja hatajua kilichomponya, na huenda akaharibu kile kilichokuwa sawa. Haraka haraka haina baraka.

Wimbo unasonga lakini hausikiki

Dalili ya tatizo hili ni kwamba saa ya programu inahesabu sekunde, lakini hakuna sauti. Maana yake ni kwamba wimbo unasomwa vyema, ila sauti imefungwa mahali fulani au inapelekwa kwingine.

Katika VLC, kubonyeza herufi M kwenye kibodi hunyamazisha sauti, na kuibonyeza tena huirejesha. Ni rahisi kuigusa herufi hiyo bila kukusudia.

Windows nayo ina kipimo cha sauti cha kila programu peke yake. Huenda sauti kuu iko juu ilhali ile ya VLC imeshushwa hadi sufuri. Mtumiaji abofye alama ya spika kwenye pembe ya chini ya kioo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha afungue orodha ya sauti za programu na kuikagua.

Jambo linalosahaulika sana ni njia ya kutokea sauti. Tarakilishi ikiunganishwa na televisheni au projekta kwa waya wa HDMI, Windows inaweza kuhamishia sauti huko yenyewe. Vilevile, spika ya Bluetooth iliyoachwa ikiwaka katika chumba kingine inaweza kuwa ndiyo inayopokea wimbo. Dawa ni kubofya alama ya spika na kuchagua kifaa kinachotakiwa. Ndani ya VLC, chaguo hilo hupatikana kwenye menyu ya "Audio", chini ya "Audio Device".

Ikiwa hakuna sauti yoyote kutoka kwa programu zote, mtumiaji azime tarakilishi na kuiwasha tena kabla ya kudhani kwamba kadi ya sauti imeungua. Tatizo likidumu, draiva ya sauti inafaa kusakinishwa upya kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyounda tarakilishi hiyo.

Wimbo haufunguki kabisa

Hapa ukubwa wa faili hueleza mengi. Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika. Kwa hivyo, wimbo wa dakika nne unafaa kuwa na karibu megabaiti nne. Kwa kiwango cha kilobiti 320, wimbo uo huo hufikia megabaiti tisa na nusu hivi. Faili ya wimbo kama huo ikiwa na kilobaiti 300 pekee, basi ilikatika ilipokuwa ikipakuliwa au kunakiliwa. Hakuna programu itakayoirejesha sehemu ambayo haikufika. Inabidi wimbo unakiliwe upya kutoka kwa chanzo chake.

Kosa jingine limewaliza wengi. Mtu huweka CD ya muziki kwenye tarakilishi, huona faili zenye mwisho wa .cda, huzinakili kwenye diski na kuifungia CD kabatini, au hata kuigawa. Siku akitaka kusikiliza, hakuna kitu. Faili hizo si nyimbo. Kila moja ina baiti 44 tu, nazo ni kielekezi kinachoonyesha mahali wimbo ulipo ndani ya CD. Bila CD, kielekezi hicho hakina thamani yoyote. Nyimbo za CD hazina budi kutolewa kwa programu maalumu inayozigeuza kuwa faili kamili za MP3, FLAC au aina nyingine. Windows Media Player ni mojawapo ya programu zenye uwezo huo.

Aina ya faili pia inaweza kuwa kikwazo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa mfano, huhifadhiwa kwa mtindo wa Opus, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2012. Programu zilizoundwa kabla ya hapo haziutambui. Nyimbo za FLAC, ambazo hubanwa bila kupunguziwa ubora, zilianza kuchezeshwa na Windows yenyewe kuanzia Windows 10 mwaka wa 2015. VLC hufungua aina zote hizi bila kuhitaji nyongeza.

Zipo pia nyimbo zilizofungwa kwa kufuli la kidijitali. Nyimbo nyingi zilizouzwa na duka la iTunes kabla ya mwaka wa 2009 zilikuwa na kufuli hilo, na haziwezi kulia kwenye VLC. Mwenye nyimbo hizo hana budi kutumia programu ya Apple na akaunti aliyozinunulia.

Hatimaye, kuna urefu wa jina. Kwa kawaida programu nyingi za Windows hushindwa kufungua faili ambayo jina lake, likijumlishwa na majina ya makabrasha yote iliyomo, linazidi herufi 260. Mtu aliyepanga nyimbo zake katika kabrasha ndani ya kabrasha ndani ya kabrasha anaweza kuufikia mpaka huo bila kujua. Kufupisha majina au kuhamisha kabrasha karibu na mwanzo wa diski hutatua tatizo mara moja.

Orodha inayopoteza nyimbo

Hili ndilo lililomfika mchezeshaji muziki wa harusini. Orodha ya nyimbo, hasa ile yenye mwisho wa .m3u, haibebi nyimbo ndani yake. Ni karatasi ya anwani tu. Kila mstari huitajia programu mahali wimbo ulipo, kwa mfano E:\Harusi\wimbo.mp3.

Flashi iliyopewa herufi E nyumbani inaweza kupewa F au G kwenye tarakilishi nyingine. Programu hubisha hodi mlango wa E, ikakosa mwenyeji. Hali huwa iyo hiyo pale mtu anapobadilisha jina la kabrasha au kuhamisha nyimbo baada ya kutayarisha orodha.

Kwa kuwa orodha ya .m3u ni maandishi ya kawaida, inaweza kufunguliwa kwa programu ya Notepad. Mtumiaji abonyeze Ctrl na H, kisha aelekeze kila penye E:\ pabadilishwe kuwa F:\. Baada ya kuhifadhi, orodha itafanya kazi tena.

Njia bora zaidi ni kuiweka faili ya orodha ndani ya kabrasha lile lile la nyimbo, na kubakisha jina la wimbo pekee katika kila mstari. Programu ikikuta jina lisilo na anwani, huutafuta wimbo karibu na orodha yenyewe. Kabrasha zima likihamishwa, orodha husafiri na nyimbo zake bila kujali herufi ya flashi.

Kwa vyovyote vile, mwenye shughuli muhimu ajaribu orodha yake ukumbini, kwa tarakilishi itakayotumika, kabla wageni hawajawasili.

Sauti inakwaruza au kukatika

Kukwaruza na kukatika ni magonjwa mawili tofauti, ingawa huchanganywa.

Sauti ikikwaruza katika sehemu zenye kishindo pekee, huenda imepandishwa kupita kiasi. Kipimo cha sauti cha VLC hufika asilimia 125. Kukivusha asilimia 100 huikuza sauti kuliko ilivyorekodiwa, na kwa wimbo ambao tayari una nguvu, matokeo ni mkwaruzo. Inafaa kukirejesha kwenye 100 na kuongeza sauti kwenye amplifaya au spika.

Wimbo ukikatika na kuendelea, mara nyingi tarakilishi imelemewa. Mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kuona ni programu gani inayotumia nguvu nyingi za mashine, kisha aifunge. Kama nyimbo zinasomwa kutoka kwenye flashi yenye kasi ndogo, azinakili kwanza kwenye diski ya tarakilishi na kujaribu tena.

Ikiwa kukatika kunatokea tu kwa spika ya Bluetooth, tatizo linaweza kuwa umbali au kuta zilizo katikati. Kujaribu kwa waya kutathibitisha jambo hilo.

Wimbo unaokwaruza mahali pale pale kila mara, katika programu zote, una dosari ndani ya faili yenyewe. Huenda CD ilikuwa na mikwaruzo ulipotolewa.

Onyo moja linahitajika hapa. Kuugeuza wimbo wa kilobiti 128 kuwa wa kilobiti 320 hakuongezi ubora. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio haliathiriki sana zikikosekana. Kilichotupwa hakirudi, na kila mgeuzo mpya hutupa kingine.

Majina yaliyovurugika

Si ajabu kufungua maktaba ya nyimbo na kukuta mamia ya nyimbo zikiitwa "Track 01", zote zikiwa za msanii asiyejulikana. CD nyingi za muziki hazina majina ya nyimbo ndani yake. Programu huyatafuta kwenye mtandao wakati wa kuzitoa, na ikikosa mtandao, huweka nambari tu.

Majina hayo hukaa katika lebo ndogo iliyo ndani ya faili, iitwayo ID3. Jina la faili linaloonekana kwenye kabrasha ni jambo jingine. Ndiyo sababu mtu hubadilisha jina la faili lakini programu ikaendelea kuonyesha lile la zamani. Toleo la kwanza la ID3, la mwaka wa 1996, lilitenga nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo, na nyingine 30 kwa msanii. Majina marefu yaliyokatwa katikati aghalabu hutokana na toleo hilo.

Katika VLC, mtumiaji abonyeze Ctrl na I wakati wimbo unalia, arekebishe jina, kisha ahifadhi. Mwenye nyimbo nyingi atarahisishiwa kazi na programu ya Mp3tag, inayoweza kurekebisha lebo za nyimbo kadhaa kwa wakati mmoja. Muhimu ni kushikilia tahajia moja. Wimbo mmoja ukiandikwa ni wa "Les Wanyika" na mwingine "Wanyika, Les", programu itadhani hizo ni bendi mbili tofauti.

Programu inafunguka na kujifunga

Wakati mwingine programu hukataa kufunguka kwa sababu tayari inaendelea kufanya kazi chini kwa chini. Mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc, aitafute katika orodha, aisitishe, kisha aifungue upya.

Isipofaulu, mpangilio wake huenda umevurugika. VLC ikifunguka, Ctrl na P hufungua ukurasa wa mpangilio, ambapo kuna kitufe cha "Reset Preferences". Kitufe hicho hurejesha mpangilio wa awali. Hakifuti nyimbo.

Kuiondoa programu na kuisakinisha upya kuwe hatua ya mwisho. Nalo jambo hilo halifuti nyimbo, kwani zimo katika makabrasha yake. Hata hivyo, orodha ambazo hazikuhifadhiwa kama faili zinaweza kupotea.

Walaghai wanaojificha nyuma ya nyimbo

Utafutaji wa tiba umewaingiza wengi katika balaa kubwa kuliko maradhi. VLC halisi hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya videolan.org. Kuna tovuti bandia zinazoisambaza ikiwa imeambatanishwa na programu za matangazo au za ujasusi. Anayeambiwa alipe ndipo aipate VLC anafaa kujua kwamba anahadaiwa.

Mtego mwingine ni ujumbe unaojitokeza kwenye mtandao ukidai kwamba wimbo hauwezi kulia hadi kodeki fulani ipakuliwe. VLC huja na kodeki zake, na ujumbe kama huo unafaa kufungwa papo hapo.

Wa tatu ni faili yenye mikia miwili, kama wimbo.mp3.exe. Kwa kawaida Windows huficha mkia wa mwisho, hivyo mtumiaji huona wimbo.mp3 na kubofya bila shaka yoyote. Faili inayoishia kwa .exe ni programu, wala si wimbo, na ikifunguliwa inaweza kuleta kirusi. Katika Windows 11, mtumiaji afungue kabrasha lolote, abofye "View", kisha "Show", na kuchagua "File name extensions" ili mikia yote ionekane.

Wanaotumia Windows 10 wakumbuke pia kwamba Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za mfumo huo Oktoba 14, 2025. Nyimbo zinaendelea kulia, lakini tarakilishi isiyopata tena marekebisho ya usalama ni shabaha rahisi.

Kulinda kisichoweza kununuliwa tena

Programu ikiharibika, nyingine hupatikana kwa dakika chache. Rekodi ya pekee haina mbadala. Kwa hivyo, kila rekodi ya aina hiyo inafaa kuwa na nakala tatu: moja kwenye tarakilishi, ya pili kwenye diski ya nje na ya tatu katika nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto au mwizi akiingia nyumba moja, hatazimaliza zote.

Flashi isichomolewe wakati nyimbo zinanakiliwa. Mtumiaji aiage kwanza kwa kubofya alama ya kuitoa salama. Umeme ukipotea ghafla katikati ya kunakili, ukubwa wa kila faili ulinganishwe na ule wa asili kabla ya kufuta chochote.

Diski ikianza kutoa mlio wa kugongagonga, au nyimbo nyingi zikianza kugoma kwa wakati mmoja, usiwe wakati wa kufanyia programu majaribio. Diski huenda iko karibu kufa. Jambo la kwanza ni kunakili kwingine zile rekodi zisizopatikana tena, na urekebishaji ufuate baadaye. Ikiwa diski haisomeki tena, izimwe na kupelekwa kwa fundi, kwani kuiwasha mara kwa mara huizidishia madhara.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika jambo hili hata ukuta wenyewe haujengeki. Mwenye kanda au CD za zamani na azitoe mapema, azipe majina sahihi na kuzihifadhi zaidi ya mahali pamoja, ili siku programu ikigoma, kinachokosekana kiwe ni sauti kwa dakika chache tu, wala si wimbo wenyewe.